UZI: Nyumba ilikuwa ya mama, hati ikatoka na jina la baba

#1 Nashipai wa Isinya

Hamjambo humu ndani. Uzi huu ni mrefu, nitauandika kwa vipande nikipata nafasi, kwa hiyo mnivumilie.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimetandika shuka langu sokoni, lile soko la Wamasai la Jumamosi kwenye maegesho ya Mahakama Kuu hapa mjini. Dada mmoja akachukua ushanga mpana wa shingoni, akaugeuzageuza, tukavutana bei. Sawa, ndiyo biashara. Nilipofika bei yangu ya mwisho aliurudisha pole pole, akaniuliza: "Lakini nyinyi Wamasai si mna ardhi kubwa, ng'ombe mpaka Namanga? Mwanamke kama wewe mbona unakaa juani kuuza shanga?"

Hakuniuliza kwa dharau. Alitaka kujua kweli. Mimi nikatabasamu tu, nikaendelea kumfungia mteja mwingine mzigo wake. Niko sokoni mwaka wa kumi na sita sasa na swali hilo nimelisikia kwa sura nyingi, ila safari hii lilipanda nami matatu ya Kitengela, likaingia nami nyumbani, likakataa kulala.

Dada, kama unapita humu, jibu langu ni hili. Ardhi ipo. Jina langu halimo. La Yeyo, mama yangu, halikuwamo, na la koko aliyemzaa halikuwamo. Nitaeleza jinsi tulivyotoka kwenye kumiliki nyumba tukafika kwenye kuomba hodi.

#2 Odhiambo wa Kibra

Niko mstari wa mbele. Endelea dada.

#3 Shiru Rongai

Nimekaa Rongai miaka tisa na sijawahi kujiuliza ploti yangu ilikuwa ya nani. Nasoma.

#4 Nashipai wa Isinya

Naanza na nyumba, maana hapo ndipo watu wengi hawajui.

Nyumba ya Kimasai, enkaji, hujengwa na mwanamke. Yeye ndiye anayekata fito, anayezichomeka na kuzipinda, anayesuka matawi katikati, halafu anakandika kwa samadi ya ng'ombe na udongo. Mvua ikipasua paa usiku, yeye ndiye anayepanda juu na samadi mkononi. Kwa sababu anaijenga, ni yake. Mume mwenye wake watatu hakuwa na nyumba hata moja. Alikuwa analala kwa huyu au kwa yule, na kila alipoingia alikuwa anaingia kwa mtu.

Maziwa nayo. Kila mke alikuwa na ng'ombe wake wa kukamua. Ng'ombe ni wa mume, hilo sikatai, lakini kikishajaa kibuyu, mwenye neno ni mama: nani anywe kwanza, kiasi gani kibaki cha mgeni, kiasi gani kibadilishwe kwa unga. Wana wa kiume walirithi ng'ombe kupitia nyumba ya mama yao. Kwa hiyo mwanamke hakuwa mtu wa pembeni kwenye boma. Mali ilikuwa inapita mlangoni kwake.

Koko alikuwa anasema mwanamume anayegombana na mkewe hulala na njaa na baridi siku hiyo hiyo. Hakuwa anatania, hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa.

Sasa ikaja karatasi.

Karatasi za kwanza zilikuja zamani. Reli ilifika Nairobi 1899, mahali ambapo wazee wetu walikuwa wakinyweshea mifugo na kupaita enkare nairobi, maji baridi. Mwaka 1904 Waingereza wakaandikiana mkataba na Olonana, kiongozi wa Wamasai, na wenzake, Wamasai wakatolewa Bonde la Ufa. 1911 mkataba mwingine, waliokuwa wamepelekwa Laikipia wakahamishwa tena kuja kusini. Wamasai walipokwenda mahakamani 1913 walishindwa. Katika mikataba yote miwili hakuna alama ya kidole cha mwanamke. Lakini waliohama walibeba vitu vya nyumba migongoni mwa punda, na waliojenga nyumba upya walikofika ni wanawake.

Karatasi iliyotuumiza sisi wenyewe ni ya baadaye. 1968 ikatungwa sheria ya ranchi za vikundi, ardhi ikaandikwa kwa majina ya wanachama. Mwanachama alikuwa nani? Mkuu wa boma. Vijana waliokwisha tahiriwa nao waliingizwa. Mama zetu walihesabiwa ndani ya waume zao, kama vile vibuyu vinavyohesabiwa ndani ya nyumba. Ranchi zilipoanza kukatwa vipande, Kitengela ikiwa 1988 na nyingine zikifuata, kila mwanachama alipewa hati yake. Aliyekuwa kwenye orodha akapata. Ambaye hakuwa kwenye orodha, basi.

Nitarudi. Mtoto ana homa.

#5 Mzee wa Kiserian

Binti yangu, umeandika vizuri na sina ugomvi na historia. Lakini usitupake tope wanaume wote. Mimi niliandikwa 1979 nikiwa kijana, hakuna aliyeniuliza kama nataka mke wangu aandikwe, maana hata mimi nilikuwa sina mke. Na tulipouza hatukuuza kwa starehe. Hospitali, karo, ukame. Nani kati yetu alikuwa na mshahara?

#6 Nashipai wa Isinya

Shikamoo mzee. Una haki, na ndiyo maana nataka kusema habari za baba yangu bila kuficha.

Baba hakuwa mlevi. Ekari tano za kwanza alizouza zilinisomesha mimi. Mimi, mtoto wa kike, kidato cha kwanza mpaka cha nne, wakati majirani walikuwa wanamcheka. Nyingine zikaenda kwenye matibabu ya kaka yangu. Naandika Kiswahili hiki mnachokisoma kwa sababu ya ardhi iliyouzwa. Kwa hiyo siwezi kumlaani mwanamume aliyeuza.

Ninacholalamikia ni hiki: Yeyo alijua shamba limeuzwa siku alipoona bikoni, vile vyuma vya kuonyesha mipaka, zimechomekwa. Alikuwa ametoka kuteka maji, akakuta watu wenye kamba na vyuma wanapima, na bikoni moja imesimama hatua kama thelathini kutoka ukuta wa enkaji yake, ile aliyoijenga akiwa na mimba yangu. Hakuna aliyemwambia wapi apitishe mbuzi kesho yake.

Pesa ya kipande cha pili ikajenga nyumba ya mabati, vyumba vinne, saruji chini. Sote tulifurahi, sitadanganya. Yeyo alifagia ile saruji mara tatu kwa siku. Ilinichukua miaka mingi kutambua kilichotokea: ile ndiyo ilikuwa nyumba ya kwanza bomani kwetu kuitwa nyumba ya baba. Ilijengwa na fundi, ikalipwa na pesa ya shamba la baba. Siku walipokosana, aliyeambiwa atoke ni Yeyo.

Kwa mila yetu ya zamani hilo lisingewezekana. Ungemtoaje mtu kwenye kitu alichokisuka kwa mikono yake?

#7 Mama Abdi Eastleigh

Hapo kwenye mabati umenigusa mno. Kwetu pia, mama ndiye aliyekuwa anajenga ile nyumba ya kuhama, aqal. Tulipoingia mjini mwenye nyumba si mama tena, ni lendilodi.

#8 Wakili Mchanga

Naomba niongeze la sheria, maana wengi hawalijui.

Sheria ya Urithi ya Kenya ilianza kutumika 1981, na mtu akiisoma juu juu atadhani inamlinda binti popote alipo. Lakini vifungu vya 32 na 33 vilitoa nje ardhi ya kilimo na mifugo katika wilaya fulani, zikaachwa kwa mila. Kajiado imo. Narok imo, Samburu imo, Turkana, Marsabit na kadhalika. Yaani mahali ambapo mali yenyewe ni ardhi na mifugo, ndipo sheria iliposema haihusiki na ardhi na mifugo.

Kilichofungua mlango ni kesi ya mirathi ya Lerionka ole Ntutu, Mahakama Kuu hapa Nairobi, 2008. Wana wa kiume walisema kwa mila ya Kimasai binti harithi. Jaji Kalpana Rawal, ambaye baadaye alikuja kuwa Naibu Jaji Mkuu, alikataa. Alisema mila inayombagua binti haiwezi kusimama. Miaka miwili baadaye Katiba ya 2010 ikaja na kifungu cha 60 kinachotaka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika mila zinazohusu ardhi. Kuanzia 2012 sheria za ardhi zikaleta habari ya idhini ya mke au mume kabla ya kuuza au kuweka rehani. Na kule ambako ranchi bado haijagawanywa, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inahesabu kila mtu mzima kuwa mwanajamii, na kuuza kunahitaji theluthi mbili ya walioandikishwa.

Karatasi hizo zipo. Swali ni nani anazifikisha bomani.

#9 Nashipai wa Isinya

Wakili, nimesoma hapo kwenye 2008 nikaweka simu chini.

Mimi natandika shuka langu pale kila Jumamosi. Nimekula mahindi ya kuchoma nimeegemea ukuta wa mahakama ile. Tumekimbia mvua tukajibanza kwenye veranda zake. Wanawake zaidi ya ishirini wa kwetu, wa Isinya, Kajiado, Ngong, Narok, tumekaa nje tukisuka shanga, na hakuna hata mmoja aliyetuambia kwamba mahakama hiyo ilishasema binti wa Kimasai anarithi. Nimelijua baada ya miaka saba, kwenye kikao cha chama chetu cha akina mama, kutoka kwa msichana aliyekuwa amekuja likizo kutoka chuo.

Chama chenyewe kilianza tukiwa wanane. Shilingi mia mbili kwa wiki. Mwanzoni ilikuwa ya sufuria na tangi la maji. Shanga zina hasara zake ambazo mteja hazioni: zile nzuri za kioo hutoka Ucheki na hazishuki bei, zile za bei rahisi hupauka zikishika jasho mara mbili. Ushanga mmoja mpana ni siku tatu za mkono. Halafu anakuja dalali mwenye wageni wake, anataka chake kabla hujauza. Bado pesa ya shanga ina jambo moja zuri. Hakuna mwanamume bomani anayeidai. Anaiona ni pesa ya wanawake, ndogo ndogo. Tukaiacha iitwe ndogo.

#10 Kaka Jembe

Samahani dada, lakini mbona mnasifu sana hizo mila za enkaji na maziwa na hamtaji ukeketaji? Hapo ndipo mwanamke wa Kimasai anapoumia kwanza.

#11 Nashipai wa Isinya

Nilikuwa nimeliacha kwa sababu ni zito kwangu. Haya.

Dada yangu mkubwa alitolewa shule darasa la sita. Alipitishwa, kisha mwezi uliofuata akaolewa na mtu aliyekuwa na umri wa baba. Mwaka huo ulikuwa wa ukame. Watu wa mjini hudhani hayo ni mila peke yake, lakini angalia miaka ambayo wasichana wanaolewa wengi, utakuta ni miaka ambayo ng'ombe wamekufa. Binti huleta ng'ombe. Ardhi imepungua, ng'ombe wamepungua, mzigo unashuka mpaka kwa mtoto.

Sheria ya kupiga marufuku ipo tangu 2011. Kwa takwimu za serikali za afya, wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa walikuwa asilimia 38 mwaka 1998, wakafika 15 mwaka 2022. Kwa Wamasai, 2014 ilikuwa bado asilimia 78. Kwa hiyo ndugu yangu Jembe, sisifu kila kitu cha zamani. Ninasema tulipokonywa kile kizuri, tukaachiwa kile kinachokata.

Walioanza kukikataa si wageni. Agnes Pareiyo wa Narok alizunguka vijijini akifundisha kwa mfano wa mwili uliochongwa kwa mbao, akafungua nyumba ya kuwapokea wasichana wanaokimbia, leo ni mbunge. Kule Samburu, Rebecca Lolosoli na wenzake walianzisha kijiji cha Umoja 1990, wanawake waliofukuzwa makwao, wakaishi kwa shanga kama sisi. Na kwetu Kajiado Mashariki, Peris Tobiko aligombea 2013 huku wazee wengine wakitishia laana. Akashinda, Mmasai mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge wa eneo. Yeyo alipanga foleni tangu saa kumi na moja alfajiri. Aliporudi alisema, "Wacha hiyo laana inikute nimeketi."

Dada yangu ana mabinti wanne. Hakuna aliyepitishwa hata mmoja. Hajawahi kutoa hotuba juu ya jambo hilo. Alikataa tu, mara nne.

#12 Mjukuu wa Mau

Mimi ni Mwogiek, jamii ya wenyeji wa msitu wa Mau, nimezaliwa huko huko, nafanya kazi hapa Industrial Area. Nasoma uzi huu nikiona mama yangu.

Sisi karatasi yetu ilitoka Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema haki zetu zilivunjwa kwa kutolewa msituni. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru fidia, shilingi milioni 57.85 na nyingine milioni 100, na ardhi ipimwe, turudishiwe kwa hati. Novemba 2023 nyumba za Waogiek zilibomolewa tena, Sasimwani. Waliokaa kando ya barabara na masufuria na watoto ni akina mama. Mwanamume anaweza kwenda kutafuta kibarua Narok. Mama anabaki na vitu.

Nauliza tu: hati ikija siku moja, itaandikwa majina ya akina nani? Uzi huu umenifanya nimpigie mjomba simu.

#13 Nashipai wa Isinya

Mpigie tena kesho. Muulize kabla orodha haijaandikwa, maana ikishaandikwa utakuwa unaomba.

Naendelea. Machi 2020 soko likafungwa, wageni hakuna. Kabla hatujasimama, mvua zikakataa kuanzia mwisho wa mwaka huo huo, misimu mitano mfululizo. Zaidi ya mifugo milioni mbili ilikufa Kenya nzima. Mliokuwa Nairobi mliona ng'ombe wetu wakila nyasi za kando ya barabara na mbele ya mageti, mkapiga honi. Kaka zangu walikuwa nao huko, wengine walivuka mpaka Tanzania. Bomani walibaki wanawake, watoto, na wale ng'ombe walioshindwa kutembea. Tulikuwa tunawainua kwa kamba asubuhi, watu sita kwa ng'ombe mmoja, tunampa maji na chumvi, jioni tunamkuta ameanguka upande uleule.

Chama ndicho kilichotulisha. Tuliuza mboga, mitumba, barakoa zenye shanga. Tulikuwa na kondoo kumi na tisa wa dorper wa pamoja, tukauza kumi mapema kabla hawajakonda, jambo ambalo wanaume wetu hawalipendi hata kidogo, kuuza mnyama akiwa mzima. Wale tisa wakabaki na nyasi za kununua. Mvua iliporudi tulikuwa na mbegu.

Ila kitu ninachokikumbuka zaidi kuhusu chama kilitokea kabla ya hapo, 2017. Kipande cha mwisho cha baba kilikuwa kimepata mnunuzi. Kuna mke wa jirani yetu ambaye shamba lake liliuzwa akiwa hai na mzima: mumewe alileta mwanamke mwingine mbele ya bodi ya ardhi, akajibu kwa jina lake, akatia kidole. Tukasema kwa Yeyo haitakuwa hivyo. Siku ya bodi tulifika wanawake kumi na wawili, tumevaa shuka na shanga zetu zote kama tunaenda harusini, tukaketi benchi la mbele. Hatukupiga kelele. Jina la baba likaitwa, wakauliza kama mke yupo. Yeyo akasimama. Akaulizwa kama anakubali. Akasema kwa Kimaa, pole pole, mkalimani akamfuata: amejenga nyumba mbili kwenye ardhi hiyo na amezika watoto wawili, hakubali.

Baba alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema mbele ya wote kwamba hata yeye hakutaka, ila deni lilikuwa limemkaba. Deni hilo chama kililipa kwa miezi kumi na minne.

#14 Mzee wa Kiserian

Binti, hapo nimevua kofia. Lakini niseme ukweli mmoja nilioushuhudia: wapo wanawake waliopata hati na wakauza ndani ya mwaka.

#15 Nashipai wa Isinya

Wapo mzee, nami nawajua wawili. Mmoja aliuza kwa sababu zilezile alizouza baba. Sidai kwamba mwanamke akishika hati ardhi haitauzwa tena. Nadai asiijue habari ya shamba lake kutoka kwenye bikoni.

#16 Shiru Rongai

Na Yeyo yuko wapi sasa? Na baba?

#17 Nashipai wa Isinya

Baba alifariki 2021. Mirathi imetuchukua miaka mitatu. Kaka yangu mdogo aliniuliza, kwa upole, "Wewe umeolewa, unataka ya nini?" Nikamwambia sitaki kuuza wala kuhamia, nataka jina la Yeyo liwe la kwanza na la sisi mabinti lifuate, ili siku yoyote mtu akitaka kuchomeka chuma pale lazima aje atuulize. Alinung'unika wiki mbili. Akatia sahihi. Nadhani alimkumbuka Yeyo pale kwenye benchi.

Mpimaji anakuja Ijumaa. Yeyo haulizi habari za hati, anauliza bikoni zitasimama wapi, kwa sababu tangu mwezi uliopita anakusanya fito. Nyumba ya mabati amewaachia wajukuu. Anataka enkaji yake, mlango uangalie kule mvua inakotoka, kama ile ya kwanza. Ana miaka sabini na kitu na magoti yanauma, kwa hiyo juu ya paa nitapanda mimi.

Jumamosi hii msinitafute sokoni. Tutakuwa tunakandika.